Kabla Shemeji Hajauza Ng'ombe

Leo kona yetu inanuka oili ya difu, na wasiopenda magari wanivumilie, maana mwisho wa habari hii kuna ng'ombe wawili na ndoa moja.

Mdogo wetu wa Basotu ameandika kwamba yeye na mumewe wana pikapu, Land Rover 109 ya zamani, Series IIA, iliyong'olewa injini yake na kuwekewa ya Toyota, ile 1HZ ya dizeli. Pikapu ndiyo inayowalisha: vitunguu, mahindi, ngano kidogo, na siku za mnada inabeba watu. Msimu huu imekata hafushafti ya nyuma kwa mara ya pili, tena ikiwa na mzigo wa watu. Fundi amemwambia mume kwamba dawa ni kutoa ekseli nzima ya nyuma na kuweka ya Land Rover 110, "ile yenye difu kubwa". Mume anataka kuuza ng'ombe wawili. Mdogo wangu anauliza: nikubali au nikatae?

Kwanza hongera kwa kuuliza mapema. Wengine huniandikia ng'ombe akishapanda lori la kwenda Singida. Pili, naomba usimwendee shemeji kwa ukali, kwa sababu hajakosea sana. Hata fundi wenu hajakosea sana. Difu kubwa ni wazo zuri kwa gari lenu. Kilichonishtua mimi, binti wa fundi, ni hiyo 110. Nitaifikia.

Tuanze na mahali, maana ushauri wa gari uliotungwa Dar es Salaam ukiufuata Basotu unaweza kulala njiani. Kwa msiopajua, Basotu ipo wilaya ya Hanang mkoani Manyara, magharibi ya Mlima Hanang, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Ukienda kaskazini unafika Haydom kwenye hospitali ya Walutheri, ukielekea upande wa mlima unafika Katesh kwenye lami ya Singida na Babati. Katikati ni udongo. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lililima ngano huko kwa mashine kubwa kwenye ardhi iliyokuwa malisho ya Wabarabaig, na kesi ya ardhi hiyo ikafika mpaka Mahakama ya Rufani. Hiyo ni habari nzito inayohitaji kona yake. Ninachotaka mkishike leo ni udongo wenyewe: mkulima wa ngano anaupenda kwa sababu unashika maji, na dereva wa pikapu anauchukia kwa sababu hiyo hiyo. Kiangazi ni vumbi na nyufa. Masika ni tope zito linalojaza kashata za tairi mpaka tairi linabaki laini, linazunguka tu.

Hapo ndipo hafushafti inapokufa. Watu hudhani chuma kinakatika kwa kuzeeka, au kwa sababu spea ni feki. Spea feki zipo, sikatai. Lakini mara nyingi mambo yanakwenda hivi: tairi linazunguka kwenye tope, dereva anazidisha mafuta, injini inapata kasi, kisha ghafla tairi linagusa jiwe au ardhi ngumu na kushika. Nguvu yote iliyokuwa inapotea kwenye tope inarudi kwa mshindo mmoja kwenye fimbo ya chuma iliyo ndani ya ekseli. Ikiwa juu kuna shehena ya vitunguu, gari haliwezi kuruka mbele ili kuipunguza nguvu hiyo. Kitu fulani lazima kikubali kushindwa, na kwenye 109 yenu ni hafushafti.

Sasa tazameni injini. Land Rover hiyo ilipotoka kiwandani Uingereza ilikuwa na injini ya lita 2.25. Ya dizeli ilitoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 140 hivi, ya petroli ikazidi kidogo. 1HZ ni injini ya lita 4.2, na inatoa nyutoni-mita 285. Yaani karibu mara mbili ya ile ya dizeli. Na nguvu hiyo haifiki nyuma kama ilivyo. Ikiwa bado mnatumia gia boksi ya Land Rover, gia ya kwanza inaizidisha, ule mkono mwekundu wa gia nzito unaizidisha tena, na difu inaizidisha mara 4.7. Ukiunganisha kazi ya vyote vitatu, kinachotoka kwenye injini kinazidishwa takriban mara 40 kabla ya kufika kwenye magurudumu. Wahandisi wa wakati ule walipiga hesabu ya 140 mara 40. Ninyi mmeleta 285 mara 40, mkaongeza na mzigo, halafu mnamlaumu aliyewauzia hafushafti.

Kwa hiyo shemeji akisema "ekseli haitoshi kwa injini hii", anasema kweli. Mpe haki yake hapo, na umwambie hivyo mapema. Mazungumzo yatakuwa mepesi.

Kabla hatujaitupa ekseli ya zamani, niitetee kidogo. Ekseli hiyo mafundi huiita ya Rover, na hafushafti zake za zamani zina meno 10 tu upande wa ndani, ndiyo maana zinakatika. Ila ina wema mmoja mkubwa. Gurudumu linabebwa na habu na beringi zake kwenye bomba la ekseli, halibebwi na hafushafti. Hafushafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake. Unafungua bolti sita za flanji ya nje, unavuta kipande, na kipande cha ndani ukikipata unakitoa pia ili kisisage difu. Kisha unafungua propela ya nyuma, unabonyeza kile kitufe cha njano cha nguvu ya magurudumu manne, na gari linarudi nyumbani polepole kwa magurudumu ya mbele. Mzigo mnaushusha, bila shaka. Kila mwenye gari hili anapaswa kujua hatua hizo, na mke wa mwenye gari pia, kwa sababu siku itakayokatika anaweza kuwa yeye ndiye yumo ndani ya gari na dereva wa kukodi asiyejua kitu.

Wenye Hilux, hili haliwahusu hivyo hivyo. Kwenu hafushafti ya nyuma inazungusha na pia inabeba gurudumu. Ikikatika karibu na habu, gurudumu linaondoka nayo. Nikisikia Hilux inapakizwa tani mbili kwa sababu "imeongezwa springi", nawaza hilo tu. Wapo wanaotaka kuiwekea ekseli ya nyuma ya Land Cruiser 79, yenye kubeba gurudumu kwa habu. Inawezekana, lakini Hilux ina nati sita kwenye gurudumu na Land Cruiser hiyo ya miaka hii ina tano, kwa hiyo mtatembea na matairi ya akiba ya aina mbili. Na hesabu ya difu nitakayoieleza sasa hivi inawahusu vilevile.

Turudi kwa 109. Difu kubwa anayoisema fundi inaitwa Salisbury. Ni ya ukoo mmoja na ekseli ya Kimarekani ya Dana 60, iliyotengenezwa kwa magari ya mzigo. Krauni yake ni kubwa, mabomba yake ni manene, hafushafti zake zina meno 24. Kuitambua hakuhitaji shule: inama nyuma ya gari, ukiona kifuniko cha chuma kimefungwa kwa bolti 10 kwa nyuma ya difu, hiyo ni Salisbury. Ukiona mgongo wa mviringo uliochomelewa, hauna bolti, hiyo ni Rover. Oili nayo inatofautiana: Rover inameza chini kidogo ya lita mbili, Salisbury inataka lita mbili na nusu hivi ya EP90. Fundi akikujazia kiasi cha Rover kwenye Salisbury kwa mazoea, ameanza kuiua siku hiyo hiyo.

Nimeisifu, sasa niitoe kasoro. Difu yake inaning'inia chini zaidi, kwa hiyo kwenye mikondo mirefu ya matairi ya trekta itaburuza tumbo pale ambapo ile ndogo ilipita. Pia ikiharibika ndani, haitoki kama ile ya Rover. Ya Rover unafungua nati, unaivuta nje nzima, unaweka nyingine, jioni gari linatembea. Krauni na pinioni za Salisbury zinapangwa humo humo ndani ya ekseli, kwa vikaratasi vya chuma vya kupimia nafasi na kipimo cha saa. Fundi asiye na kipimo hicho atakuambia "nasikiliza kwa sikio". Mwache asikilize redio.

Lakini Salisbury nzima, isiyovuja, isiyolia, ikiwekwa vizuri na kubebeshwa mzigo wa halali, itadumu kuliko chesesi yenu. Ndiyo maana jeshi la Uingereza na wengine wengi walizitumia 109 zenye Salisbury kwa miaka, na ndiyo maana bado zinatembea. Waliohudhuria tamasha la Land Rover la Arusha Oktoba 2024 walijionea magari yenye umri wa bibi zetu yakipita kwa msafara.

Sasa hiyo 110.

Salisbury zilifungwa kwenye magari mawili tofauti, na hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Zipo zilizofungwa kwenye 109, hasa Series III iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, na zipo zilizofungwa kwenye 110 iliyotoka mwaka 1983. Kwa macho zinafanana. Muuzaji atakuambia Salisbury ni Salisbury. Msikilize, kisha uhesabu.

La kwanza ni uwiano wa difu. Ya 109 ni 4.7, maana yake propela inazunguka mara nne na karibu robo tatu ili gurudumu lizunguke mara moja. Ya 110 ni 3.54. Ukiweka 3.54 nyuma na mbele umeacha 4.7, gari litakwenda vizuri kabisa kwenye lami ya Katesh, tena litakuwa jepesi, na shemeji atakusimanga kwamba dada yako hajui kitu. Subiri masika. Siku atakapobonyeza kitufe cha njano, propela mbili zinatoka kwenye boksi moja kwa mwendo mmoja, lakini magurudumu ya nyuma yanalazimishwa kukimbia karibu theluthi moja zaidi ya ya mbele. Kwenye tope tupu yatateleza na kusameheana. Kwenye ardhi iliyoshika, ekseli mbili zinavutana, na kitakachokatika ni kile kilicho katikati yao: gia za boksi la kugawa nguvu, au propela, au hafushafti za mbele. Matokeo yake mtakuwa na pikapu ya nguvu nne ambayo hairuhusiwi kutumia nguvu nne, huko Basotu, mwezi wa Machi.

Njia ya kupima ni rahisi na hakuna fundi anayeweza kuikataa. Ekseli ikiwa chini gerejini, shika upande mmoja usizunguke, zungusha habu ya upande wa pili mara mbili kamili, huku mwenzako anahesabu mizunguko ya flanji ya propela. Ikizunguka mara tatu na nusu, ni 3.54. Ikizunguka mara nne na karibu robo tatu, ni 4.7. Pigeni chaki kwenye flanji ili msibishane. Fanyeni hivyo hivyo kwenye ekseli ya mbele ya gari lenu, gurudumu moja likiwa juu ya jeki na yale mengine yamezuiwa kwa mawe, kwa sababu magari yaliyopita mikono mingi huwa na vitu vya ajabu ndani, na huenda mwenye gari wa kwanza alishabadilisha mbele.

La pili ni upana. 110 ni pana kuliko 109 kwa zaidi ya sentimita 15 kutoka gurudumu hadi gurudumu. Magurudumu ya nyuma yatatokeza nje ya bodi, yatarusha tope juu ya mzigo na juu ya waenda kwa miguu, na kwenye mikondo ya njia ya mbele yatapita pake na ya nyuma yatapanda ukingo. Askari wa usalama barabarani naye ana macho.

La tatu ni springi. 109 inakaa juu ya springi za mabapa, 110 inakaa juu ya koili. Ekseli ya 110 haina viti vya springi zenu. Ina mabano ya mikono yake yenyewe. Fundi atayakata na kuchomelea viti vipya. Kuchomelea ekseli kwa moto mwingi upande mmoja kunaweza kulipinda bomba, na bomba likipinda kidogo tu, beringi na oili sili zitakula pesa yenu kila mwezi bila ninyi kujua kwa nini. Na viti vikikaa kwa pembe isiyo sahihi, pua ya difu itatazama juu au chini na misalaba ya propela haitadumu.

Je, hakuna namna ya kutumia ya 110? Ipo. Ukibadilisha na difu ya mbele iwe 3.54, kwa mfano kutoka Range Rover ya zamani au 110 yenyewe, uwiano unalingana, na 1HZ ina nguvu ya kutosha kuivuta gia ndefu. Wapo waliofanya hivyo wakafurahi. Lakini hapo umeshanunua difu mbili, umechomelea, na upana bado unakudai. Kwa familia inayouza ng'ombe ili gari lirudi kazini kabla ya vitunguu kuoza, mimi siishauri.

Ya kuwatafutia ni Salisbury ya 109. Ina viti vya springi za mabapa, ina 4.7, ina upana wenu. Hata hivyo haiingii yenyewe tu. Mabomba yake ni manene, kwa hiyo yu-bolti na sahani za zamani hazitafaa. Pua yake ni ndefu zaidi, kwa hiyo propela ya nyuma itakuwa ndefu kupita kiasi. Inatakiwa ya gari lenye Salisbury, au ifupishwe na fundi wa kukereza chuma, ipimwe na mizani yake. Usikubali propela iliyokatwa kwa msumeno na kuungwa kwa jicho. Mtaona gari linatetemeka mkianza kukimbia, na kinachotetemeka kitapasua boksi. Na kwa kuwa gari lenu lina injini ngeni, angalieni pia kama boksi ni la Land Rover au la Toyota, maana flanji zinaweza kutoingiliana. Fundi aseme hayo yote kwa pamoja, na bei yake, kabla hajashika spana. Akisema "tutaona mbele ya safari", safari hiyo itaendeshwa na pesa yenu.

Mkiwa mmefungua kila kitu, badilisheni oili sili zote na msafishe tundu la kupumulia la ekseli. Tundu hilo dogo hakuna anayelikumbuka. Tope likiliziba, ekseli ikipata moto hewa inasukuma oili kupitia sili mpaka kwenye breki, na ikiingia ghafla kwenye maji ya mto inavuta maji ndani. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ina maji. Imwageni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa nililotaka kumwambia shemeji, na naomba umsomee mwenyewe.

Ile hafushafti ndogo ilikuwa fyuzi yenu. Ilikuwa inaudhi, lakini ilikatika yenyewe ili vingine vipone, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko vyote vilivyobaki. Ukiiweka imara, ile nguvu ya 285 mara 40 na ule mzigo havipotei. Vinahamia kwa anayefuata kwa unyonge. Anaweza kuwa gia boksi, kama ni ile ya Land Rover ambayo haikuumbwa kwa 1HZ. Anaweza kuwa springi. Anaweza kuwa chesesi yenyewe, pale nyuma ambapo kutu inaanzia. Au anaweza kuwa breki, na breki ikiwa ndiyo inayoshindwa, anayelipa ni mtu.

Kwa maana ekseli kubwa haiongezi hata kilo moja kwenye uwezo halali wa gari. 109 ilitengenezwa kubeba takriban tani moja. Ukiipa Salisbury inabaki ya tani moja, ila sasa haikatiki ukiizidishia, na dereva anadhani ameruhusiwa. Tena kwenu kuna lumbesa. Mnasema gari limebeba magunia kumi, sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, kwa hiyo kichwani mna tani moja. Lakini gunia lenye kofia juu, lililoshonewa kamba, likifika kilo 130, magunia yale yale kumi ni tani moja na kilo 300. Ongeza makuli watatu waliokaa juu na mwenye mzigo aliyekaa mbele. Lumbesa inamwibia mkulima shambani, hilo Wakala wa Vipimo wameshalisema sana. Inalivunja na gari lake barabarani, hilo halisemwi.

Na 109 za zamani nyingi zina breki za mfumo mmoja: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki. Kwenye tambarare ya Basotu unaweza kusimama kwa gia. Siku shemeji atakapopata mzigo wa kupitia Mbulu na kuteremka Magara kwenda Mbuyu wa Mjerumani, kule hakuna tambarare ya kujiokoa. Ekseli mpya inapoingia, ngoma za breki, viatu vyake na silinda za magurudumu zikaguliwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa zimeshafunguliwa. Anayeniambia amekosa pesa ya breki kwa sababu amenunua difu, namwambia auze difu.

Kuhusu kununua, nitakwenda haraka. Arusha ndiko Land Rover zinakovunjwa kwa wingi na mafundi wake wamezizoea kwa sababu ya biashara ya utalii. Nendeni huko au mtume mtu anayejua, msinunue kwa picha ya simu. Fungueni kifuniko cha bolti 10 mbele ya muuzaji. Oili safi mno ni ya jana, imewekwa kwa ajili yenu. Chovyeni kidole chini kabisa, mkikuta vipande vya chuma ondokeni. Zungusheni pinioni kwa mkono, ikiwa na mchezo mkubwa au inakwaruza, ondokeni. Daini risiti ya EFD yenye jina la kitu kilichouzwa, kwa sababu ekseli nzima ya gari la mtu huibwa usiku kama mnavyoibiwa mbuzi, na polisi huanza na aliyekutwa nayo. Na mkiwa kwenye karatasi, hakikisheni kadi ya gari inasoma namba ya injini ya sasa. Ukibadilisha injini, TRA wanatakiwa kujua. Wengi wana 1HZ ndani na kadi ya Land Rover mkononi, na siku ya ajali wanaigundua tofauti hiyo kwa mtu wa bima.

Sasa turudi nyumbani kwako, mdogo wangu. Nimeona kwenye barua yako umeandika kwamba mumeo "anapenda gari kuliko sisi". Inawezekana. Lakini mtu aliyekwama na mzigo wa watu usiku, akapigiwa simu na mwenye vitunguu kila baada ya dakika tano, akilala chini ya gari kwenye tope, anaporudi nyumbani akitaka ekseli imara anataka asiaibike tena. Usimwambie "unachezea ng'ombe". Mwambie umesikia difu ya 110 na 109 zina hesabu tofauti, umwombe mwende pamoja gerejini mkahesabu mizunguko ya mbele. Wewe ushike chaki. Mwanamume aliyehesabiwa na mkewe mizunguko minne na karibu robo tatu mbele ya fundi hawezi tena kuuziwa tatu na nusu.

Jambo jingine mliloliacha kwenye barua ni dereva. Anaendesha nani? Kama ni kijana wa kukodi anayelipwa kwa tripu, atakimbiza na atazidisha, kwa sababu kila gunia la ziada lina chai yake. Mlipeni kwa siku wakati wa masika. Mkatazeni kuachia klachi ghafla kwenye tope, na mumwambie kitufe cha njano kibonyezwe kabla ya kuingia kwenye tope, siyo baada ya kuzama. Mabadiliko hayo hayana gharama ya spea na yanaweza kurefusha maisha ya hafushafti yoyote.

Jibu langu basi ni hili. Ekseli kubali, ya 110 kataa. Auzwe ng'ombe mmoja, pesa yake iende kwenye Salisbury ya 109 pamoja na propela, yu-bolti, sili na oili, kwa jumla ya gharama iliyoandikwa na fundi kabla ya kazi. Wa pili abaki zizini mpaka breki zifunguliwe na muone zinadai nini. Zikidai, auzwe bila kusitasita. Na kuanzia msimu ujao gunia lolote la zaidi ya kilo 100 lisipande kwenye gari lenu, hata likiwa la mjomba. Ukishahesabu mizunguko ya ekseli ya mbele niandikie namba uliyopata, kabla hamjamlipa mtu yeyote.